Udongo wa mfinyanzi: unayanywa maji, unayazuia, kisha unatembea nayo

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mji mdogo wa Katesh, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, ulishukiwa na kitu ambacho watu walikosa jina la kukiita. Mafuriko ni maji, na haya hayakuwa maji. Lilikuwa tope zito, limebeba mawe na magogo, likafuata mkondo wa Mto Jorodom na kuzika nyumba, maduka na watu. Waliofariki walizidi 80. Muda si mrefu simu zikajaa maelezo: volkano imelipuka. Uvumi ulipata pa kushika kwa sababu Hanang ni mlima wa volkano kweli. Lakini hapakuwa na moto, moshi wala majivu. Serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikaelemewa, ikameguka.

Miamba ilinyonya maji. Kwa taarifa ya habari maneno hayo matatu yanatosha. Kwa msikilizaji, hapo ndipo maswali yanapoanza. Jiwe linanyonyaje maji? Na likishanyonya, kwa nini ligeuke uji badala ya kubaki jiwe lililolowa? Ukilichunguza swali hilo utaona ni lile lile analouliza mwenye nyumba wa Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, ambaye sakafu yake inainuka kila masika, na analouliza anayeshangaa gesi ya Songo Songo imekaaje chini ya ardhi miaka yote hiyo bila kutoroka. Wote watatu wanauliza habari za udongo wa mfinyanzi.

Tusafishe maneno kwanza. Kwa Kiswahili cha kila siku, udongo ni chochote unachokichimba kwa jembe. Wataalamu wanaugawa kwa ukubwa wa chembe. Chembe za mchanga unaziona, na ukizisugua kati ya vidole zinakwaruza. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita, yaani ukizipanga 500 kwenye mstari, zote zinaenea ndani ya milimita moja. Huzioni wala huzihisi. Mkononi ni ulaini mtupu, kama siagi. (Lugha yetu imeupa udongo huu jina la mtu anayeufinyanga. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo udongo umewahi kupewa.)

Tope la mfinyanzi likifunikwa na matabaka mengine kwa mamilioni ya miaka, linabanwa, linakamuliwa maji, na mwisho linakuwa jiwe linalobanduka vipande bapa. Huo ndio mwamba wa tope. Kuna njia ya pili pia, ya kinyume: mwamba mgumu, hasa majivu na mawe ya volkano, unaoza taratibu ukiwa umekaa pale pale na kugeuka mfinyanzi. Kwa hiyo jiwe linaweza kuwa na mfinyanzi mwingi kwa kuwa lilizaliwa tope, au kwa kuwa linarudi kuwa udongo. Mlima wa volkano uliopigwa na mvua kwa maelfu ya miaka unakuwa na mawe mengi ya aina hii ya pili.

Sasa tuingie ndani ya chembe yenyewe. Si duara kama punje ya mchanga. Ni bapa, na imetengenezwa kwa kurasa juu ya kurasa. Chukua daftari la mtoto lililosahauliwa uani usiku wa mvua. Asubuhi limevimba, limekuwa nene mara mbili, na maji yamekaa kati ya kurasa kiasi kwamba hata ulining'inize kwenye kamba hayadondoki yote. Mfinyanzi unafanya hivyo hivyo, ila si mfinyanzi wote.

Ipo kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu, Kisarawe. Kurasa zake zimegandana. Maji yanalowesha nje ya daftari tu. Ipo pia smektaiti, ambayo kurasa zake zimelegea na maji yanaingia kati ya kila ukurasa na mwenzake. Tofauti ni kubwa kuliko unavyofikiri. Gramu 10 za smektaiti, kama vijiko viwili vya chai, ukizifungua kurasa zake zote na kuzitandaza zinaweza kufunika uwanja wa mpira. Gramu 10 za kaolini zitaishia kwenye kile kiboksi kidogo cha mbele ya goli, pengine viwili. Udongo wenye uwanja mzima wa kulowana ndani ya vijiko viwili hauwezi kuwa na tabia sawa na mwingine.

Kinachoyavuta maji humo ni umeme mdogo. Uso wa kila ukurasa una chaji hasi, na tone la maji, ukilichungulia kwa ndani kabisa, lina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo. Vinavutana. Katikati ya kurasa hukaa pia madini yaliyoyeyuka, hasa sodiamu na kalsiamu. Hebu zifikirie kama walinzi. Kalsiamu ana mikono miwili, anashika ukurasa wa juu na wa chini, hivyo daftari halifunguki sana. Sodiamu ana mkono mmoja; maji yakija kwa wingi anaachia. Mkumbuke huyu wa mikono miwili, tutamhitaji.

Tabia hiyo hiyo ya kunasa vitu haichagui mahali. Vijiwe vya udongo vinavyouzwa sokoni, ambavyo kina mama wajawazito wengi huvitafuna, vinaingia tumboni na chaji zake. Wengi huamini vinaongeza damu. Udongo huo unaweza kunasa madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula na kuyapitisha moja kwa moja hadi chooni. Mjamzito anayetamani udongo mara nyingi ana upungufu wa damu tayari, kwa hiyo hamu hiyo ni sababu ya kwenda kupima kliniki.

Swali ambalo watu hawaliulizi, na mimi naona ndilo tamu kuliko yote: kwa nini sehemu moja ipate kaolini na nyingine smektaiti? Nairobi inajibu vizuri. Upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, udongo ni mwekundu. Shuka kuelekea Embakasi, Athi River na Kitengela, unakuta ule mweusi unaong'ang'ania viatu. Mama yao ni mmoja, mwamba wa volkano. Kilichowatenganisha ni malezi ya maji. Penye mwinuko, mvua hupita ndani ya udongo na kuondoka na silika (madini ya mchanga), kalsiamu na magnesiamu. Kinachobaki ni kaolini na kutu ya chuma, ndiyo maana unakuwa mwekundu. Kwenye tambarare maji yanatuama, hakuna kinachoondoka, na kwa malighafi hiyo iliyobaki smektaiti hujengeka. Maji yaliufanya udongo huu uwe hivi ulivyo, kisha yakaendelea kuutawala.

Weusi wake, kwa njia, unawadanganya wengi. Wanadhani ni rutuba ya majani yaliyooza. Mara nyingi mboji iliyomo ni kidogo sana. Imejifunga tu na mfinyanzi ikaupaka rangi.

Nyumba inayopasuka bila kosa la saruji

Tanzania udongo huu mweusi tunauita wa mbuga, na Wasukuma wanaujua tangu zamani kuwa si wa kujengea. Kiangazi unapasuka mipasuko ya kuingiza mkono, mingine kina chake kinazidi mita moja. Masika unavimba na mipasuko inajifunga. Ukijenga nyumba ya kawaida ya chini juu yake, umeweka mzigo mwepesi juu ya kitu kinachopumua. Nguvu ya kuvimba inaweza kuuzidi uzito wa nyumba nzima, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: ghorofa zito linaweza kusumbuliwa kidogo kuliko kibanda cha vyumba viwili.

Tena nyumba haiinuki yote kwa pamoja. Ardhi ya katikati imefunikwa na jamvi la zege, jua haliifikii, hivyo unyevu wake haubadiliki sana. Pembezoni panalowa na kukauka kila msimu. Kuta za nje zinapanda na kushuka, za ndani zimetulia, na ufa unakata kwa mshazari kutoka kwenye kona za madirisha.

Mwenye nyumba anamfuata fundi: umekula saruji yangu. Mafundi wa namna hiyo wapo, sitawatetea. Lakini ufa unaofunguka kiangazi na kubana masika ni sahihi ya udongo, na kuongeza saruji hakuufuti. Kunakupa ukuta mgumu zaidi utakaopasuka kwa kelele zaidi. Wanaojenga kwenye mbuga na kulala usingizi hufanya mambo mengine. Huuchimba udongo huo na kujaza kifusi cha moramu kabla ya msingi. Huweka mifereji ya paa na kusakafia pembeni mwa ukuta ili maji yaende mbali. Mkaratusi hawaupandi karibu, kwa kuwa mizizi yake hunyonya unyevu wa upande mmoja na kuuacha ukisinyaa. Wajenzi wa barabara huchanganya chokaa kwenye udongo wenyewe. Chokaa ni kalsiamu: yule mlinzi wa mikono miwili anaingia, anamtoa sodiamu, na kurasa zinashikana.

Unabeba maji mengi, lakini haupitishi

Kosa lingine la kawaida ni kudhani kwamba udongo unaobeba maji mengi basi utayapitisha kwa urahisi. Tope jipya la mfinyanzi lina nafasi tupu nyingi kuliko mchanga. Nusu ya ujazo wake, au zaidi, inaweza kuwa maji. Hata hivyo maji yanayokatiza mchanga kwa dakika chache yanaweza kuchukua miaka kuvuka unene ule ule wa mfinyanzi. Nafasi ni nyingi, vichochoro ni vyembamba mno, na maji yaliyomo yameng'ang'aniwa na kuta. Mkulima wa mpunga anategemea hilo. Majaruba ya Shinyanga na mashamba ya Mwea yanashika maji kwa sababu chini kuna mfinyanzi. Lambo lililochimbwa kwenye kichanga ni hasara.

Kuna atakayeniuliza habari za mtungi. Mtungi ni wa udongo, na unatoa jasho, ndiyo maana maji yake ni baridi. Mbona basi unapitisha? Kwa sababu umechomwa. Kwenye moto wa nyuzi joto kama 500 au 600 za Selsiasi, hata maji yaliyofungwa ndani ya kurasa zenyewe hufukuzwa, na muundo wake huvunjika. Kinachobaki kina vitundu, na hakiwezi tena kurudi kuwa tope hata ukizike ziwani miaka elfu. Ndiyo maana wanaakiolojia wanaokota vigae.

Twende sasa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974 na ambako tangu 2004 imekuwa ikisafirishwa kwenda Dar es Salaam. Watu wengi wana picha ya pango kubwa chini ya bahari, limejaa gesi kama mtungi wa jikoni. Hakuna pango. Gesi imejibanza kwenye vitundu vya mwamba wa mchanga, na juu yake kumelala kifuniko cha mwamba wa tope.

Kifuniko hicho nacho kina vitundu. Kinachokifanya kizibe ni maji yaliyomo. Watoto wa pwani wanalijua hili kwa kucheza: unachukua khanga, unailowesha, unainasa hewa na kuikunja ikawa puto, unaelea nayo. Khanga kavu haishiki hewa hata kidogo. Iliyolowa inashika, kwa kuwa kila kitundu cha uzi kimeshikwa na tone la maji, na hewa lazima ilisukume lile tone ndipo ipite. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo nguvu ya kulisukuma inavyohitajika zaidi. Vitundu vya mwamba wa tope ni vyembamba kuliko vya khanga kwa kiasi kisichosemeka, kwa hiyo gesi imesubiri humo mamilioni ya miaka.

Wachimbaji wa visima wanaufahamu ukorofi wake pia. Ukitoboa mwamba wa tope kwa kutumia maji ya kawaida yasiyo na chumvi, kuta za kisima zinaweza kuvimba, kumeguka na kuikaba mitambo. Dawa mojawapo ni kutia chumvi ya potasiamu, ambayo chembe yake ina ukubwa wa kutosha kukaa barabara kati ya kurasa na kuzifunga. Na kinachochekesha ni kwamba tope lenyewe linalozungushwa kisimani ili kuinua vipande vya mawe mara nyingi hutengenezwa kwa bentonaiti, udongo uliojaa smektaiti.

Chumvi inapoamua

Ukiteka maji ya mto masika, yanakaa na rangi ya chai ya maziwa siku nzima bila kutulia. Chembe zote zina chaji hasi, zinafukuzana, hakuna inayozama. Bibi zetu hutia unga wa mbegu za mlonge, au kipande cha shabu, na baada ya saa chache tope limekaa chini. Mlonge una protini yenye chaji chanya; shabu ina alumini, ambayo ukiihesabia mikono inapata mitatu. Chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama.

Bahari hufanya kazi hiyo bure. Rufiji inashuka na tope lake kutoka bara, inafika deltani, inakutana na chumvi, na mfinyanzi unagandana na kutulia. Mikoko imesimama juu ya tope lililotulizwa na chumvi.

Geuza hadithi hiyo upate janga. Nchini Norway kuna mfinyanzi uliotulia baharini zamani, ukajengeka kwa chumvi, kisha barafu kubwa ilipoyeyuka ardhi ikainuka na sakafu ile ya bahari ikawa nchi kavu. Kwa maelfu ya miaka mvua na maji ya chini yameiosha chumvi polepole. Juu ni mashamba, panaonekana imara, na udongo kweli unabeba nyumba mpaka utikiswe au kuchimbwa vibaya. Hapo unayeyuka na kutiririka kama maziwa mala. Tarehe 29 Aprili 1978, huko Rissa, kifusi kilichorundikwa ufukweni mwa ziwa kilitosha kuanzisha mporomoko uliomeza mashamba na nyumba. Tarehe 30 Desemba 2020, huko Gjerdrum, watu 10 walikufa usiku wa baridi kali. Afrika Mashariki hatuna udongo wa namna hiyo, lakini ukweli wake ni wetu pia: mfinyanzi unaweza kubadilika tabia bila kuongezewa hata tone la maji, ilimradi chumvi iliyomo ibadilike.

Mteremko unapoachia

Turudi mlimani. Wengi husema maji hulainisha udongo, unateleza kama sahani yenye sabuni. Si hivyo hasa. Simama kwenye mchanga uliolowa ukingoni mwa bahari, tikisa miguu haraka haraka. Unazama. Chembe zilikuwa zimeegemeana na kukubeba. Ulipozitikisa, maji yaliyo katikati yakakosa pa kutokea, yakaanza kuubeba uzito wako yenyewe. Na maji hayajui kushikilia kitu kwenye mteremko.

Mlimani anayetikisa ni mvua. Maji yanaingia kwenye mwamba uliooza, yanajaza vitundu, shinikizo linapanda, na chembe zinaanza kuachana. Kwenye mchanga maji yangetoka upesi na shinikizo lingeshuka. Kwenye mfinyanzi hayatoki upesi, kama tulivyoona kwa majaruba na kwa gesi. Sifa inayomfaa mkulima wa mpunga ndiyo hiyo hiyo inayolipakia mlima mzigo.

Ukishaanza kusogea, unajikoroga. Mwaka 1911 Msweden Albert Atterberg alionyesha kwamba kila udongo wa mfinyanzi una mipaka yake ya maji. Anayekanda chapati anaielewa mipaka hiyo bila kusoma: maji machache unga unamomonyoka, ya kutosha unasokoteka, yakizidi unanata, yakizidi tena unamiminika. Maabara hadi leo huusokota udongo uwe uzi mwembamba wa milimita 3 hivi na kuangalia kama utakatika. Mteremko uliokuwa upande wa kusokoteka unaweza kuvuka kuingia upande wa kumiminika njiani, unapochanganyika na maji ya mto, na tope zito namna hiyo linabeba mawe ambayo maji matupu yasingeweza kuyabeba.

Kwa kuwa shinikizo linashuka polepole, hatari haiishi mvua inapokata. Mteremko wa mfinyanzi unaweza kuachia saa kadhaa baadaye, hata siku, jua likiwa linawaka na watu wameshaanika nguo. Walio karibu na milima huangalia vitu vidogo: mpasuko mpya uliopinda kama mwezi juu ya shamba, chemchemi iliyotokea pasipokuwa na chemchemi, miti au nguzo zilizoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unagoma. Na mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, hiyo si nafuu. Huenda udongo umeuziba huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Asishuke mtu mtoni kutazama. Pandeni pembeni, mbali na mkondo, na mwite na jirani.